Potasiamu niliyoikosea ubaoni

Leo nimefundisha kosa kipindi kizima, na hakuna aliyenisahihisha.

Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini tangu tumzike mama kule Kiwangwa.

Kidato cha pili, kemia, mpangilio wa elektroni. Nikaandika mfano wa potasiamu ubaoni: 2:8:9.

Jamani. Ganda la tatu likishapata nane, elektroni ya kumi na tisa inakwenda ganda la nne. Ni 2:8:8:1. Hilo nalifundisha mwaka wa sita sasa.

Darasa kimya. Nikadhani wameelewa.

Ofisini nikaanza kusahihisha madaftari. La kwanza, 2:8:8:1. La pili hivyo hivyo. Yote.

Nikamwita Mwanahamisi, kiranja wao.

"Mbona hamkuniambia?"

Akatazama chini. "Tulikuona hauko sawa, mwalimu. Tukanong'onezana tuandike tu iliyo sahihi."

Nikamwambia ahsante, rudi darasani.

Sikulia. Kusema kweli sikuhisi chochote. Nilikaa tu na kalamu nyekundu, nikaendelea kutia vema, daftari baada ya daftari.

Mliowahi kufiwa, hii ganzi huwa inakaa muda gani?