Nilivyopoteza mruko wangu wa kwanza Ulaya kwa kumsalimia mzee wa kibendera

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mwenye chai aiweke chini kwanza. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi popote nitawaambia hapo hapo.

Mimi ni mtu wa Munje, huku Msambweni. Naruka triple jump. Kwa wasioijua: unakimbia, unaruka na kutua kwa mguu ule ule, unahamia wa pili, kisha unajitupa mchangani. Majirani zangu huona ni mtu mzima anayeruka madimbwi bila mvua.

Kocha wangu ni Mwalimu Njeri. Wazazi wake walitoka bara wakapata shamba huku, yeye akazaliwa hapa hapa. Ila akikasirika, Kiswahili chake hurudi bara.

Basi mwenzetu mmoja akaumia goti, na nafasi ya mashindano ya kimataifa ya indoor ikaniangukia mimi. Ulaya, wakati wa baridi, tunaruka ndani ya jumba.

Jirani yetu Bi Mwanakombo alipopata habari akanijia mbio. "Mwaruka ndani? Na dari je?"

Nikamweleza kwamba dari iko juu sana. Hakuridhika. Akaniambia nichunge kichwa.

Mwalimu naye akaniweka chini. "Rama, medal sitaki. Nataka namba mbele ya jina lako. Ukirudi bila namba, hakuna mzazi atanipatia mtoto wake tena."

Hakuwa anatania. Tayari wazazi wawili walikuwa wamewaondoa watoto wao mazoezini, wakiuliza mchezo huu una faida gani. Na mchezo wenyewe unakupa miruko mitatu. Ukiharibu yote mitatu, jina lako linabaki tupu, bila namba ya mita.

Sasa sikieni desturi yetu. Mashindano ya huku, pembeni ya mchanga huketi mzee mwenye vibendera viwili. Cheupe, mruko ni halali. Chekundu, umeharibu. Na huruki kabla hujampa mkono. Tena si salamu ya kupita njia: umuulize alivyoamka, watu wa nyumbani, na lile goti lake.

Tukasafiri na Mwalimu, siku ikafika. Jina langu likaitwa.

Pembeni ya njia ya kukimbilia kulikuwa na saa inayohesabu dakika moja kurudi nyuma. Niliiona. Nikadhani ni mambo ya watu wa televisheni.

Niliyemwangalia mimi ni mzee mwenye mvi aliyeketi karibu na ubao wa kurukia, vibendera mkononi. Mkubwa kuliko baba yangu. Miguu ikaenda yenyewe.

Nikampa mkono. Nikamuuliza hali yake kwa Kiingereza. Nikauliza familia. Nikauliza na hii baridi wanaivumilia vipi. Maskini akabana vibendera kwapani akanijibu, macho yamemtoka.

Jukwaani ikalia sauti ya Mwalimu. "Wewe Rama! Time! Time inaisha!"

Kugeuka, saa inasoma sekunde kumi na moja. Mimi niko kwenye ubao, na alama ya kuanzia mbio iko kule mwisho.

Nilitimka, wakuu. Jumba zima likashangilia likidhani ni mbwembwe. Nilipofika, saa ilikuwa sifuri, na kumbe ikiisha kabla hujaanza mbio, mruko umepotea. Mzee akainua chekundu, na ilionekana wazi kwamba alinihurumia.

Mruko wa pili, kabla hata sijaitwa, Mwalimu ameshasimama. "Usisalimie mtu!"

Nikakimbia nimeinamisha macho. Lakini nilipomkaribia yule mzee nilijihisi kama mwizi. Hatua ya mwisho ikarefuka, kidole kikavuka mstari kwa upana wa ukucha. Chekundu tena.

Ukabaki mmoja.

Sitawaficha, niliogopa. Nilitazama jukwaani nikamwona Mwalimu amejifunika leso usoni, ile leso ambayo mama yangu alimpa ajikinge baridi. Nikawaza wale watoto wake na uwanja mtupu.

Jina likaitwa. Kabla saa haijaanza, yule mzee akasimama. Akanigeukia toka kule mbali, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Ameniamkia yeye!

Nami nikaweka mkono kifuani. Moyo ukatulia kabisa. Nikakimbia, mguu ukakaa sawasawa, moja, mbili, mchangani.

Cheupe.

Mita kumi na tano na ushee. Nilikuwa wa mwisho, wakuu. Kati yangu na aliyenitangulia ungeegesha tuktuk. Sawa, hapo nimeongeza chumvi. Nusu tuktuk. Lakini namba ilikaa mbele ya jina langu, na Mwalimu aliruka jukwaani vizuri kuliko nilivyoruka mimi.

Nikampigia mama. Walikuwa wametazama wote kwa Bi Mwanakombo.

"Shikamoo mama. Nimekuwa wa mwisho."

"Marahaba mwanangu. Hayo ya mchanga miye siyajui. Lakini nilikuona ulivyompa mkono yule mzee mbele ya dunia nzima. Bi Mwanakombo amelia."

Kifua kikanijaa. Nikajiona bingwa.

Kisha akauliza, "Na ile mara ya pili, mbona ulimpita kama humwoni?"

Nikasingizia mtandao, nikaaga.

Nilichojifunza: salamu ziwahi, zisingoje saa ianze kuhesabu. Siku hizi nafika uwanjani mapema nawamaliza wote, hadi mshika tepu. Wale wazazi wawili wamerudisha watoto, na wengine wameleta wapya. Mzee wetu wa kibendera analalamika mkono unamuuma kwa kupokea salamu.

Haya, nani mwingine salamu zimewahi kumponza? Mwageni yenu hapo chini. Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukataka kupita kimya kimya, mama yangu amekuona.