Kuku wa Upande Mmoja

Kuku wangu alikuwa na pande mbili, na kila mtu katika kikundi chetu cha maigizo alijua upi wa kula na upi wa kutazamwa tu. Ule wa kutazamwa ulikuwa magazeti yaliyolowekwa, vumbi la mbao na gundi ya unga wa muhogo, nikaufinyanga mapaja, mabawa na shingo kwa mikono yangu hii. Juu nilipaka rangi ya viatu ya kahawia, nikaisugua kwa kitambaa mpaka ngozi ikang'aa mafuta. Ule wa kula ulikuwa shimo, kiasi cha ngumi mbili, ambalo kabla ya kila onyesho nililijaza muhogo wa kuchemsha uliopondwa na karanga, nikaupitishia chai kavu iliyokolea ufanane na nyama iliyoiva. Sijisifu, lakini bibi yangu mwenyewe, aliyepika kuku wa harusi maisha yake yote, alikaa safu ya tatu, na onyesho lilipokwisha akaniuliza nimempata wapi kuku mnono namna ile katika nchi isiyo na chumvi.

Ilikuwa ile miaka ya wanajeshi, Kampala. Zamani kidogo tulitumia mkate kuiga nyama, na sukari iliyounguzwa ndani ya maji kuiga pombe. Kisha mkate ukawa kitu cha kupangia foleni toka alfajiri, na sukari ikawa hadithi. Ndipo nikahamia kwenye muhogo. Chakula cha jukwaani kina masharti yake: kisiwe kikavu, maana mwigizaji ana maneno ya kusema na kikimpalia kazi imeharibika, kisinate menoni, kisimwage makombo, kwa sababu tukio linalofuata kuna mtu anapiga magoti papo hapo. Na kiwe kidogo kuliko kinavyoonekana. Mtu hawezi kula kuku mzima kila Jumapili na bado akaimba.

Nilitia kitu kingine kwenye ile gundi, na hiki ndicho kinachoniuma. Panya wa ukumbi wetu hawakuwa na haya. Kuku wangu wa kwanza walimla kwa wiki moja tu, wakaniachia shingo. Yule wa pili nikamchanganyia mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wazee walisaga kutia vidondani, na panya hawakumgusa tena. Niliwakusanya waigizaji wote nikawaambia, "Upande wa mbele una sumu. Atakayeulamba na aandike wosia kwanza." Walicheka. Mume wangu ndiye aliyecheka zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimla kuku huyo.

Yeye alikuwa mtoto wa polisi, mtu wa kaskazini aliyekulia kwenye nyumba za serikali kule Nakawa, na siku za kazi alikuwa fundi wa majiko ya mkaa Katwe. Mimi natoka kwa Waislamu wa zamani wa mji huu, wale ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani na hawakurudi. Alipokuja kuniposa, bibi yangu alimkubali kwa kila kitu isipokuwa kimoja: alikuwa akila kimya. Mtu akipita, akisimama mlangoni, yeye macho kwenye sahani. Kwetu huyo ni mnyama tu. Nilimfundisha mimi. Mwaka mzima nilimkanyaga mguu chini ya meza kila jirani alipotokea, mpaka "karibu chakula" ikawa inamtoka yenyewe hata mdomo ukiwa umejaa. Anayekaribishwa naye anajua la kujibu: asante, endelea tu, nimeshiba. Ameshiba wapi, wakati ule? Lakini ndiyo adabu, na kila mtu anakwenda zake na heshima yake.

Mchezo wetu ulikuwa wa kuchekesha. Bahili mmoja anakula kuku peke yake huku mkwewe ana njaa nje ya mlango. Tulicheza kwa Kiswahili, kwa sababu wenye bunduki walikielewa, na wasichokielewa walikitilia shaka. Tulianza saa nane mchana ili watu wafike kwao jua lingalipo. Kiongozi wetu, mwalimu wa shule mwenye sauti kubwa na moyo mdogo, alikuwa ameusoma mchezo ule mara kumi akitafuta neno lolote la kutufunga. Hakuliona. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu mnene anayekula peke yake mbele ya wenye njaa anaweza kuwa neno pia.

Jumapili hiyo safu ya mbele ilikuwa tupu mpaka dakika ya mwisho. Kisha akaingia mwanajeshi mmoja na wenzake wawili. Ni yeye tu aliyekaa. Wenzake walibaki wamesimama mlangoni. Nilimwona kupitia tundu la pazia: mtu wa makamo, sare imepigwa pasi vizuri, bastola kiunoni. Hakucheka. Ukumbi ulipoona hacheki, nao ukaacha. Maneno ambayo kila wiki yalivunja watu mbavu yalianguka chini moja moja, na mimi huku nyuma nikaanza kuyasikia kwa masikio yake. "Nikishiba mimi, nyumba nzima imeshiba." Ya Rabi, tulikuwa tumeandika nini? Wakati ule watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari kwa jambo dogo kuliko hilo, mchana, mbele ya wake zao.

Likaja tukio la kuku. Mume wangu alikaa nyuma ya meza, upande wa kula ukimwelekea yeye, upande mzuri ukiwaelekea watu. Alimega muhogo akatia kinywani. Yule mwanajeshi aliinama mbele, viwiko kwenye magoti, akimkazia macho. Ni mtu mmoja anakula na mwingine anatazama, hatua nne kati yao. Mume wangu akainua uso, akamwona. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mguu wangu ulikanyaga sakafu wenyewe.

"Karibu chakula," akasema.

Bahili hakaribishi mtu. Hayo hayakuwa maneno ya mchezo; yalikuwa maneno yangu. Ukumbi mzima ulingoja lile jibu moja tunalolijua wote.

"Asante," akasema yule mwanajeshi. Akainuka, akapanda ngazi za jukwaa, akavuta kigoda cha mkwe, akakaa. Bastola ilikuwa inamsumbua pajani, akaitoa akaiweka mezani kando ya sinia. Kwenye meza ile hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa cha kweli. Na alikuwa amekaa upande wa mbele, mrututu na rangi ya viatu mbele ya mkono wake.

Mzee mlinzi wa ukumbi, aliyekuwa nami nyuma ya pazia, alinishika mkono. "Nyabo," alininong'oneza, kama Waganda wanavyomwita mama, "ule upande una dawa ya panya. Akikula, sisi wote tumekwisha."

Sikuwahi kupanda jukwaani maishani mwangu. Nilichukua jagi na beseni la mchezo, nikavuta mtandio, nikatoka. Nuru ilinipiga usoni nikawa sioni watu, nasikia pumzi zao tu. Nilipiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa hapa, nikamnawisha mgeni mikono. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa. Mimi nilimimina ovyo mpaka maji yakamlowesha mkono wa shati, nikaomba radhi, akasema, "Hapana neno, mama." Nilipokuwa nikiinuka nililishika sinia kama mtu anayesogezea mgeni kilicho bora, nikaligeuza. Shimo la muhogo likamwelekea yeye.

Nilirudi nyuma ya pazia. Alimega. Akatafuna. Mtu yeyote wa nchi hii anajua muhogo hata ukimfunga macho, na nilimngojea apige kelele, au acheke, au aichukue ile bastola. Hakufanya hata kimoja. Alimega tena, taratibu, akala mpaka shimo likaisha, na mimi nikajiambia: huyu ni mtu mwenye adabu. Mgeni hakosoi chakula cha mwenyeji. Nilimshukuru moyoni. Niliona fahari, Mungu anisamehe, hata nikawaza kwamba huenda nilipatia ladha ya kuku kweli.

Akafuta vidole. Kisha akanyoosha mkono ng'ambo ya sinia, akalishika paja la upande wa pili, akalinyonga likang'oka kwa mlio wa karatasi kavu, akamnyooshea mume wangu kwa mkono wa kulia.

"Mwenye nyumba hajakula," akasema. "Kula, ndugu."

Mgeni akikumegea, unapokea. Hilo nalo nilimfundisha mimi. Alipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa natazama leso iliyokuwa mapajani mwake, kwa sababu mume wangu alikuwa bingwa wa kuficha: angeweza kupeleka mkate mzima mdomoni na wote ukaishia kwenye leso, na wewe uliyekaa safu ya kwanza ukaapa umemwona akishiba. Ficha, nilimwambia kimoyomoyo. Ficha basi. Aling'ata. Akatafuna kwa muda mrefu. Mkono haukwenda kwenye leso. Aling'ata tena, akatabasamu, rangi ya viatu ikiwa imempaka midomo, na watu, kwa vile hawakujua, wakaanza kucheka. Walicheka kwa woga wote waliokuwa wameushika toka saa nane. Alilimaliza paja lile.

Mchezo ulibakiwa na robo saa. Aliucheza wote, na nyimbo akaimba. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi nikihesabu mistari iliyobaki. Pazia liliposhuka nilimkimbilia, lakini yule mwanajeshi alifika kabla yangu, amekuja nyuma kushukuru. Tukasimama watatu. Mume wangu alikuwa amebadilika rangi, jasho linamtiririka shingoni, mkono mmoja tumboni na bado anatabasamu, kwa kuwa mgeni hafukuzwi.

"Mama, wewe ndiyo ulipika?" akaniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Kuku yako iko tamu sana. Mimi sijakula kuku kama hiyo. Unatumia mafuta gani?"

Nilimwambia mafuta hakuna, natumia maarifa tu. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akauliza nimejifunza kwa nani, nikamweleza habari za bibi. Akauliza tunakaa wapi, nikasema kule Kasubi, na ilipokwisha kunitoka ndipo nikatamani kuirudisha. Aliongea nasi kitambo, polepole, kama mtu aliyekuja kutembea. Alipopeana mkono na mume wangu aliushika kwa muda mrefu. Mimi nikasema yale ambayo mtu wa kwetu husema mgeni akiaga.

"Karibu tena, afande."

"Jumapili nakuja," akasema. "Weka sahani yangu."

Hatua zake hazijafika barabarani mume wangu alianguka juu ya ndoo. Yaliyomtoka yalikuwa ya kijani. Hospitali hatukwenda, pale wangeuliza amekula nini, amepewa na nani, na wodini kulikuwa na masikio mengi kuliko wagonjwa. Nilimnywesha maji ya vuguvugu mpaka akayatoa yakiwa safi, kisha maziwa niliyoyaomba kwa majirani kikombe kikombe. Siku ya kwanza nilidhani nimemuua. Siku ya pili alinitambua. Siku ya tatu, Jumatano, alikaa kitandani akanywa uji nusu bakuli, na mimi nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, nikajifuta, nikaanza kuropoka kama kawaida yangu.

Nilimwambia tushukuru. Nilimwambia angalau yule afande alikuwa muungwana, amekula muhogo wangu wote asimwaibishe mwenyeji, na akatusifia juu. Nikafika hata kumlaumu yeye. "Wewe, bingwa wa leso! Kwa nini hukulificha? Ungetafuna hewa tu, nani angejua?"

Aliweka bakuli chini.

"Nilitaka," akasema. Sauti ilikuwa bado imekwaruzika. "Nilikuwa nimeshaikunjua leso. Lakini yeye hakuwa akitazama mkono wangu, mke wangu. Wala mdomo." Akaweka kidole kooni. "Alikuwa akitazama hapa. Kila tonge. Nikitafuna anangoja. Nikimeza, anaitikia kwa kichwa."

Kumbe yule afande alijua kwamba upande ule si wa kula. Alijua toka tonge la kwanza la muhogo. Labda alijua toka nilipomlowesha shati nikaligeuza sinia, akanitazama nikifanya hivyo kwa utulivu uleule, akaona afadhali aketi ale vizuri kwanza. Na mimi nilikuwa nimemwambia tunakokaa, nikamkaribisha tena.

Kiongozi wetu nilipomfuata alisema ukumbi ameshaufunga na yeye mwenyewe anakwenda kwao kijijini. Bibi alikataa kuondoka, akasema ameshazika wengi mno hapa. Jumamosi asubuhi, mimi na mume wangu, na mfuko mmoja, tulivuka mpaka kuingia Kenya. Muhogo wa Jumapili niliuacha sufuriani, nimeshaumenya, umelowekwa kwenye maji.