Ukoka wa Baba Yake Bi Unyayo

Kila asubuhi, akifika geti la kwanza la mtaa, Bi Unyayo huvua kiatu cha kulia na kuukanyaga ukoka. Hukanyaga taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Umande hulowesha ngozi tu. Maji ya mpira hulainisha udongo. Akiridhika, huvaa kiatu na kwenda geti la pili. Asiporidhika, hutoa kadi nyekundu mkobani na kuifunga getini, na siku hiyohiyo mafundi huja kukata maji.

Ndiyo kazi yake, mkaguzi wa idara ya maji. Kila kiangazi, bwawa likishuka, mji mzima hupigwa marufuku kumwagilia nyasi kwa mpira. Ndoo inaruhusiwa, Jumamosi jioni. Mpira, mpaka mvua zirudi. Jina alibandikwa na watu wa mtaa, naye hakulikataa. "Afadhali unyayo," aliniambia. "Wangeweza kuniita pua."

Nilikuwa mpangaji wao, chumba cha pembeni, dirisha likitazama bustani. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba yake. Mzee alikuwa ametunza bustani za watu maisha yake yote, na sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Jina la marehemu mkewe lilikuwa limeshakwenda. La bintiye lilikuja na kuondoka. Kilichobaki ni mpira. Akishakunywa chai alitoka, akafungua koki, akaubana mdomo wa mpira kwa kidole gumba ili maji yasambae, akakimwagilia kile kiraka cha ukoka huku akikisemesha. Akimaliza, kwa muda alikuwa mzima kabisa: alijua chumba chake kiko wapi, na alimwita bintiye kwa jina.

Tangazo la marufuku lilipotoka mwaka ule, Bi Unyayo alimweleza. Mzee aliitikia vizuri sana. Kesho yake akamwagilia.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa ameegemea ukuta wa mpakani. Kiangazi kilichopita kadi nyekundu ilifungwa getini kwake.

"Habari za asubuhi, Bi Unyayo. Naona mvua imenyesha. Kwenu tu."

"Ni mzee, jirani. Unajua alivyo."

"Najua, maskini. Na mimi mwaka jana nilikuwa na mtoto mchanga. Ulijua?"

Bi Unyayo akaanza kuukunja mpira.

"Leo sijaona kitu," fundi akasema. "Ila kesho macho yangu yatakuwa yamepona."

Jioni hiyo Bi Unyayo alichukua spana, akang'oa mkono wa koki, akautia mkobani pamoja na kadi zake.

Asubuhi mzee akatoka kama kawaida. Akauelekeza mpira kwenye ukoka, akabana kidole gumba, akasubiri.

"Maji yamekwenda wapi?"

"Yamekatika, baba. Mji mzima."

"Basi yatarudi," akasema, akabaki amesimama palepale.

Aliuliza hivyo kila siku, na kila siku swali lilikuwa jipya kwake. Bintiye alimjibu, kisha akaenda kukanyaga nyasi za wengine. Jumamosi ilipofika alileta ndoo, akamtia mzee kopo mkononi. Mzee akalitazama, akanywa maji yote. "Ahsante, mama," akamwambia. Bi Unyayo alicheka, akacheka mpaka akageukia ukutani, na alipogeuka tena hakuwa anacheka.

Ukoka ukaanza kufa, kwanza pembeni, halafu katikati. Jioni moja nilirudi nikamkuta mzee ameketi getini, kavaa koti, begi miguuni. Bintiye alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Nani kakwambia uondoke, baba?"

"Tajiri akiziona nyasi zile atanifukuza. Bora nijiondokee na heshima yangu."

"Tajiri hana neno. Nimeshaongea naye."

"Kwani wewe ni nani?"

"Tunafanya kazi wote hapa."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Basi na wewe kafunge mizigo, mwanangu. Hatatubakiza."

Bi Unyayo alimshika mkono akamrudisha ndani. Baadaye nilimwona kwenye bomba la bustani, mkono wa koki kiganjani. Upande wa pili wa ukuta fundi cherehani alikuwa akianua nguo. Alimwona, akainama akaanza kutafuta kibanio chini, akatafuta kwa muda mrefu kuliko kibanio chochote kinavyostahili. Bi Unyayo alisimama pale mpaka nguo za jirani zikaisha kwenye kamba. Kisha akaurudisha mkono wa koki mkobani.

Mzee hakutoka tena nje. Chai alinyweshwa kitandani, uso ameuelekeza ukutani, na jina la bintiye halikumrudia.

Mvua ziliporudi, marufuku ikaondolewa. Bi Unyayo aliurudisha mkono wa koki mahali pake, akaufungua mpira ukamwaga maji juu ya udongo mtupu, akaita, "Baba, maji yamerudi." Aliita tena. Mzee hakutoka, naye akafunga maji.

Nilikuwa nimeishi kwao muda wote huo bila kumuuliza lolote. Siku ile nikamuuliza kwa nini hakufungua jioni ile, na jirani alishainama asione.

"Nilimkatia maji ana mtoto mchanga," akasema. "Ningemfungulia vipi baba yangu?"