Goti la Mjomba Hashimu

Siku ile ya mjomba wangu Hashimu nimeikumbuka tena asubuhi hii, mwanangu, nilipokuona umeshika chupa ya mafuta ya ufuta, umeng'ang'ania mguu wa jirani yetu na hata hujamuuliza kaanguka vipi. Nikasema moyoni, lo, huyu ni mimi mtupu. Kaa hapa. Kukanda nimekufundisha, sasa chukua na hili.

Nilikuwa msichana wa Mpapura, nimeshachumbiwa, na najiona kweli. Miaka hiyo bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa, na vijana wengi wa kwetu walikwenda kufanya kibarua. Mjomba Hashimu naye alikwenda, akaangukiwa na gogo, paja likavunjika. Alilazwa hospitali miezi, akarudi na kovu refu na mguu unaotembea vizuri tu. Sisi tukajua ameshonwa, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia.

Ngoja nikwambie na ujinga wetu. Nyumbani kwetu mkandaji hakuwa anauliza. Ukimuuliza mgonjwa, wanawake wanacheka, wanasema mkono wake bado haujui. Bibi yangu alikuwa anakanda kimya, na mimi nikaiga ule ukimya wake kabla sijapata ujuzi wake.

Basi msimu wa korosho mjomba akakanyaga mabibo yaliyooza shambani, akateleza, akaangukia goti la mguu uleule. Walipomfikisha nyumbani goti limevimba kama boga. Wanawake wakaniita, nikaja na maji ya moto, kifua mbele.

"Subiri, mwanangu, kuna jambo nikwambie," mjomba akasema.

"Nyamaza, Mjomba. Mkono unasikiliza."

Haki ya Mungu, ndivyo nilivyomjibu mtu aliyenilea! Nikashika, nikavuta. Akapiga ukelele ambao sijausahau, akanikamata mkono.

"Humu mna chuma," akasema, jasho linamtoka. "Daktari aliliunga paja langu kwa chuma na skrubu mpaka karibu na goti. Aliniambia nikianguka nisivutwe, nipelekwe kwake. Nibebeni."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wanaume wakambeba juu ya kitanda hadi barabarani, tukapata lori. Njia nzima mjomba anauma pindo la shuka kwa maumivu, mimi nalia, na yeye ndiye ananibembeleza! Mtu gani yule, jamani.

Hospitali wakampiga picha, kisha daktari akauliza kama kuna mtu aliyelivuta goti. Nikamtazama mjomba. Yeye akatazama dirishani. Hakunitaja, wala hakunikinga kwa uongo. Aliniachia niseme mwenyewe. Nikasema, "Ni mimi." Daktari akanieleza, bila kufoka, kwamba chuma bado kimeshika, ila mfupa chini yake umepata ufa, na ningevuta mara ya pili huenda mjomba asingetembea tena.

Alifungwa plasta wiki nyingi, akarudi anachechemea kwa magongo. Magongo aliyaacha baadaye, lakini alichechemea mpaka tulipomzika, na hadi leo sijui kama ni kule kuanguka au ni mkono wangu. Mimi nilikuwa nimeshaapa sitamkanda mtu tena. Lakini siku aliyorudi, wanawake walewale wamejaa uani, aliketi mkekani akafungua shati begani.

"Magongo yameniumiza bega," akasema. "Njoo unikande. Ila leo niulize kwanza."

Nikamuuliza linauma wapi, limeanza lini, na kama mna chochote ndani ninachopaswa kujua. Safari hii hakuna aliyecheka. Nimeishi sana, mwanangu, na sijaona mtu mwingine mwenye moyo mkubwa kama ule.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujashika mguu wa mtu, muulize, kisha unyamaze mpaka amalize. Akikwambia mna chuma, au ukiona goti limevimba na hawezi kukanyaga, weka mafuta chini umtafutie gari. Hapo hujashindwa, hapo ndipo umemsaidia. Na ukikosea, jitaje mwenyewe, usingoje kutajwa. Mungu aibariki mikono yako, na akujalie masikio ya kumsikia mwenye maumivu.

Haya, inuka. Nenda kwa jirani, umuombe radhi, umuulize kaanguka vipi.