Kijani Kilichoganda

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha jambo hilo. Nikiwa mtoto Kitahana nilikuwa naogopa radi, bata mzinga wa jirani, na mganga wa meno aliyekuja kijijini mara moja moja. Wanaonicheka nawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ndiyo maana nilipopata kazi ya ufundi katika kiwanda cha unga wa muhogo nje kidogo ya mji wa Kasulu, na kukabidhiwa vifaa vya usalama, niliona Mungu kanipanga mahali pangu hasa. Kumbe mwoga naye anaweza kuua watu, tena akiwa ameketi kwenye kiti.

Kiwanda chenyewe si kikubwa. Kina pipa la kukaushia muhogo, refu kama chumba cha darasa, linalozunguka huku likipulizwa hewa ya moto. Wafanyakazi wanaliita ingoma, yaani ngoma kwa Kiha. Kila Jumamosi asubuhi pipa likiwa limepoa, akina mama wanne wanaingia ndani kwa mlango mdogo wa ubavuni na kukwangua unga uliogandamana kwenye kuta. Wakishatoka, mwendeshaji analiwasha saa tisa alasiri. Mmoja wa wale wanne ni dada yangu. Amenipita miaka saba, amenibeba mgongoni, na kazi ile nilimtafutia mimi.

Karibu na mlango wa pipa kuna kisanduku chekundu, kontrola ya usalama. Kazi yake kubwa ni kukataa. Mlango ukiwa wazi, kinakataa pipa lisizunguke. Joto likizidi, kinakata moto. Hakibembelezwi wala hakinunuliwi soda. Ila hakina mdomo, kina vitaa tu, kwa hiyo ofisini chini ya meza kuna kompyuta yenye programu tunayoiita seva. Seva inakiuliza kisanduku kila sekunde, mlango vipi, joto vipi, kisha inapeleka majibu kwa wanaotaka kujua: skrini ya mwendeshaji kule ghorofani, kompyuta ya meneja, na simu yangu. Kijani maana yake mlango umefungwa. Nyekundu, uko wazi. Kijivu, seva haijapata jibu na haijui.

Hicho kijivu ndicho kilichoniponza. Waya wa mtandao kutoka kwenye pipa ulikuwa umechakaa, na mara kadhaa kwa siku skrini zote zilikuwa zinageuka kijivu kwa dakika moja au mbili. Meneja akalalamika. Wenye kiwanda walikuwa wanakuja kutoka Dar, naye hakutaka waone skrini zilizokufa. Waya mpya nilikuwa nimeagiza, haujafika. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya seva, nikachagua kwamba ikikosa jibu iendelee kuonyesha jibu la mwisho ililolipata. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Skrini zikawa kijani kutwa nzima, meneja akanisifu mbele ya watu, nami nikafurahi kama mjinga.

Nilipaswa kujua, maana kosa lile nilishawahi kulifanya. Bibi yetu alivuka kutoka Burundi kwa njia ya Mabamba akiwa mtu mzima, na Kiswahili hakikumkaa mpaka anaingia kaburini. Akienda zahanati alinichukua mimi niwe mkalimani wake. Siku nyingine alijibu kwa sauti ndogo mno, nikaona haya kumuuliza tena mbele ya muuguzi, nikasema alichokisema mwezi uliopita: tumbo, upande wa kushoto. Alimeza dawa za tumbo mara tatu kabla mama hajagundua kwamba kinachomuuma ni kifua. Muuguzi alikuwa akinisifu kwa Kiswahili changu.

Kosa la pili lilikuwa la maneno. Mlango wa pipa una sensa mbili, vihisio vya kutambua kama umefungwa, na kisanduku hakiridhiki mpaka zote mbili zikubaliane. Skrini inaonyesha ya kwanza tu. Ile ya pili ilikuwa na tabia ya kushiba vumbi la unga, na ikishiba kisanduku kinagoma hata kama mlango umefungwa vizuri. Mwendeshaji wetu, mzee wa mjini Kasulu aliyewahi kuwa na duka la vitambaa, alikuwa ananiita kila kinapogoma. Nikachoka. Nikampa ufunguo wa kukiruka kisanduku, na nikamfundisha kwa kinywa changu: kikigoma na skrini ni kijani, hilo ni vumbi, geuza ufunguo uwashe, nitakuja kusafisha. Yeye ni mtu wa kushika maelekezo. Aliyaandika kwenye karatasi, akayabandika ukutani.

Jumamosi ninayoisema nilikuwa Kitahana, nimeomba ruhusa nikaezeke jiko la mama. Asubuhi dada alinipigia. Zamu ya usiku ilikuwa imechelewa kuzima, pipa bado lilikuwa la moto, kwa hiyo wangeingia baada ya chakula cha mchana, saa nane. Nikasema sawa. Akaniagiza nimkumbushe mama maharage yake. Mama akayapima kwa ungo, akayafunga kwenye mfuko, akaufunga na kamba mara mbili kana kwamba yanakwenda Ulaya.

Kwa mama mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya migomba. Saa nane na nusu nilipanda pale nikiwa na misumari mfukoni, nikafungua simu kutazama kiwanda, mazoea tu. Mlango wa pipa: kijani. Nikafurahi. Nikadhani akina mama wamemaliza. Halafu nikajiuliza, kazi ya saa mbili wameimalizaje kwa nusu saa? Pembeni mwa skrini kuna saa ndogo inayoonyesha jibu lilipokelewa lini, na hakuna mtu anayeitazama. Nikaitazama. Saa mbili na dakika kumi. Nikahesabu moja mpaka sitini. Saa mbili na dakika kumi.

Waya ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa. Seva ilikuwa inarudia jibu la asubuhi bila kuona haya, kwa sababu mimi niliiambia isione haya.

Nikakaa. Niliona kila kitu kitakavyokwenda, hatua kwa hatua. Mzee anaingia zamu saa nane, anaona kijani, anajua kazi ya usafi imekwisha kama Jumamosi zote. Chumba chake kiko upande wa pili wa jengo, hakioni mlango. Saa tisa anabonyeza. Kisanduku, ambacho hakijali waya wala seva, kinakataa, kwa sababu mlango uko wazi kweli. Mzee anatazama skrini, kijani. Anatazama karatasi ukutani. Anageuza ufunguo.

Nikampigia. Namba unayopiga haipatikani. Nikampigia dada, nikijua simu zao huwa wanaziacha kwenye kikapu nje. Haipatikani. Ya meneja ilikuwa inaita mpaka inakata. Nilimpigia tena mzee, na tena, na kila yule mwanamke wa kwenye simu aliponiomba nijaribu baadaye nilimchukia kama mtu ninayemfahamu. Nikaandika ujumbe: USIWASHE WAKO NDANI. Ukagoma kwenda. Nikautuma mara sita.

Mwili wangu ulitaka kukimbia. Lakini Kasulu ni zaidi ya saa mbili hata ukipata gari papo hapo, na nikishuka kile kichuguu mtandao napoteza. Kubaki hakunisaidii kitu, na kuondoka ni kuacha nafasi pekee niliyonayo. Nikabaki. Mama alitoka jikoni kwake kusiko na paa, akaniuliza nafanya nini kule juu kama kunguru. Nikamwambia natafuta mtandao. Akaniuliza kama nimezungumza na dada, nimwambie na ndizi zipo. Nikamwambia bado. Sikuweza kumtazama, maana mwanawe wa kwanza alikuwa ndani ya pipa na wa pili ndiye aliyemtega humo.

Saa tisa ilifika. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu akiogopa sana anaomba. Mimi sikuomba. Nilikuwa nasikiliza, kama vile mngurumo wa pipa unaweza kuvuka vilima vyote vile mpaka Kitahana. Saa tisa na dakika tano. Saa tisa na robo. Skrini ya simu imeganda pale pale: kijani, saa mbili na dakika kumi.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili simu iliita. Alikuwa mwendeshaji. Na hata katika hofu ile, kwa jinsi nilivyolelewa, kilichotangulia kunitoka ni shikamoo.

"Marahaba, fundi," akasema. "Huku mnara wa simu ulizima tangu saa nane na nusu, kisha umeme nao ukakatika."

Nikamuuliza, pipa?

"Nilikuwa nimeshageuza ufunguo," akasema. "Kiligoma, nikatazama skrini, kijani, nikageuza kama ulivyonifundisha. Nikiwa napeleka mkono kwenye kitufe, giza. Nikashuka nikawashe jenereta. Napita pale pipani nakuta ndala, jozi nne. Halafu naona akina mama wanatoka mmoja mmoja, wanapapasa, taa yao imezimika, wanalitukana shirika la umeme. Wanne, fundi. Dada yako wa mwisho."

Nikamwambia arudishe ufunguo mahali pake. Akasema ameutoa, uko kwenye mfuko wa kanzu yake, na hatampa mtu, hata mimi. Kisha akasema neno ambalo bado linanirudia nikiwa na shughuli zangu: "Mimi niliamini kile kijani kuliko kile chekundu, kwa sababu kijani kilitoka kwako."

Nilishuka kichuguu nikatapika kwenye migomba. Mama alidhani ni maji ya mtoni, akanichemshia majani machungu ya kwao, nikanywa yote bila kubisha. Umeme ambao tunaulalamikia kila siku ya Mungu ulikuwa umewaokoa watu wanne niliowauza mimi kwa sifa ya meneja. Sikulala usiku ule.

Jumapili nilipanda basi la kwanza la kwenda Kasulu, mfuko wa maharage mapajani. Nilipitia kiwandani kabla ya kwenda kokote. Nikaingia kwenye seva, nikarudisha kijivu. Skrini zote zikafifia hapo hapo, kwa kuwa waya ulikuwa bado umekatika, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi zilikuwa zinasema kweli. Nikamwandikia meneja barua ya ukurasa mmoja kueleza nilichofanya, nikaisaini, nikaiweka mezani kwake. Meneja sikuwa namwogopa. Niliyemwogopa alikuwa anakaa mtaa wa pili kutoka sokoni.

Dada alinipokea kwa furaha. Akaanza kuyachambua maharage pale pale kwenye ungo, huku anasimulia habari ya jana kama kichekesho: giza lilivyowakuta, mwenzake mmoja alivyogonga kichwa, mzee alivyosimama mlangoni amewakodolea macho kama aliyeona mizimu, hata salamu hakujibu. Mzee hakuwa amewaambia kitu. Aliniachia mimi.

Nikamwambia. Nilianza na waya, nikaenda kwenye seva, nikamweleza kijani na kijivu, ufunguo, na karatasi ya ukutani. Nilimweleza kwa Kiha, maana kwa Kiswahili ningepata pa kujificha. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe na maharage yaliyooza, anayatupa pembeni.

Nilipomaliza akauliza kijivu kilikuwa na ubaya gani. Nikasema hakikuwa na ubaya wowote, meneja alikuwa hakipendi.

"Siku ile unaibadilisha hiyo rangi," akasema, "ulikuwa unajua naingia mle kila Jumamosi?"

"Nilijua," nikamwambia.

Akatikisa ungo, akapuliza makapi, akaenda kuweka sufuria motoni. Kwa dada mimi huwa nakula jikoni, kwenye kigoda kando ya mafiga, tunamega bonge moja la ugali wa muhogo kwa mikono yetu. Siku ile alitandika kitambaa kwenye meza ya sebuleni, akaniletea maji ya kunawa na sahani yangu peke yangu, na kijiko juu yake. Akanikaribisha kwa heshima zote anazopewa mgeni, kisha akarudi jikoni kula.