Februari 29 iliyomtoa Madam Wambui darasani

Wakuu, salaam kwenu wote, pamoja na nyinyi mnaosoma bila kulogin.

Jana humu ndani kuna mtu ameuliza swali dogo la programming akaitwa ng'ombe. Watu wakabonyeza vicheko. Nimekasirika, na leo nawaeleza kwa nini. Haya niliyaona mwenyewe. Nikiongeza chumvi, mods wafunge uzi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa naishi Gitothua, Ruiru, na kufundisha kwenye college ndogo ya kompyuta huko Thika.

Internet yetu ilikuwa modem moja, kwenye mashine ya principal. (Nyinyi mliozaliwa mkakuta WiFi, vumilieni kidogo.) Tulikuwa kwenye mailing list ya programmers wa Kenya, ambapo email ya mmoja inawafikia wote. Kwa vile mashine yenye internet ilikuwa moja, kila asubuhi secretary alishusha email za list, akaziprint, akazibandika kwenye notice board, pale watu wanapopanga laini ya chai.

Ndivyo tulivyosoma. Mtu wa Nairobi akiandika kitu, college nzima inakisoma ukutani.

Madam Wambui alikuwa mwenzangu. Alifundisha Pascal, lugha ya kuandikia programu, mwanamke pekee aliyefundisha programming pale, na darasa hilo principal alimpa shingo upande. Alilipenda mno. Pembeni alikuwa anawaandikia wakulima fulani programu ya kuweka rekodi za maziwa.

Kwenye list kulikuwa na jamaa tuliyemwita Guru. Jina lake silitaji. Siku moja alituma code ya kuhesabu siku za Februari, na kwa hiyo code Februari ya mwaka 2000 ingekuwa na siku 29. Wambui akajibu kwa adabu kabisa: mkuu, naomba kutofautiana nawe, mwaka unaogawanyika kwa mia hauna Februari 29, na 2000 unagawanyika kwa mia.

Sasa wakuu, Wambui alikosea. Hiyo sheria ipo, ila mwaka ukigawanyika kwa mia nne, siku ya 29 inarudi. Wakati ule programmers wengi walikuwa wanajikwaa hapo hapo. Kumsahihisha ilikuwa kazi ya sentensi moja.

Guru akaandika ukurasa mzima. Ilikuwa kwa Kizungu kizito, nawapa kwa Kiswahili: anashangaa nani alimpa huyu mwanamke keyboard, anawahurumia wanafunzi wake, na arudi kwao akachume kahawa. Ile sheria ya mia nne aliiweka mwisho kabisa, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Secretary akaiprint kama kawaida. Akabandika.

Nilipofika nilikuta wanafunzi wamejaa pale na vikombe vyao, wanacheka. Wambui alikuwa amesimama nyuma yao, anasoma juu ya mabega yao. Nikaibandua ile karatasi, lakini walikuwa wameshaisoma wote.

Principal akatuita ofisini.

"Madam, umeona hii maneno? Mzazi akiuliza, nitamwambia nini?"

"Nilikosea kitu moja, sir. Nishairekebisha."

"Huyu ni mtu anajulikana, na amesema hujui."

Nikaingilia. "Sir, huyo ametukana tu. Kukosea sisi wote tunakosea."

"Njoroge, sijakuuliza."

Wambui akahamishiwa typing. Pascal akapewa mwalimu mwingine, ambaye, sikieni hii, alikuwa anaamini mwaka 2000 hauna Februari 29, vile vile kama Wambui. Tofauti ni kwamba yeye hakufungua mdomo. Hadi leo nikikumbuka hilo damu inachemka.

Nikaandika kwenye list. Nikasema Guru, kwa code uko sawa, kwa mtu umekosea, muombe msamaha. Akanijibu kwamba yeye husema ukweli na hana kazi ya kuupaka sukari. Wengine wakasema hii ni list ya technical, tusilete feelings. Wengi walikaa kimya, watu wazima wenye akili zao, na nawajua baadhi yao.

Term ilipoisha Wambui akaondoka. Alifungua duka la vitambaa Gatongora. Siku moja nikapita kumsalimia, nikamwambia kuna college inatafuta mwalimu wa Pascal, aende.

Akaendelea kupima kitambaa cha mteja. Mteja alipoondoka akaniambia, "Wacha tu, Njoroge. Ile ya mia nne niliiweka kwa programu ya maziwa, na inafanya. Alikuwa right."

"Basi rudi."

"Kuandika code naweza. Lakini hiyo kazi bila kuuliza watu haiwezekani, na mimi siulizi mtu tena."

Nikamuaga, nikaenda zangu.

Majuzi mmoja wenu ameandika humu kwamba Guru amelea kizazi kizima cha programmers. Sawa. Mimi namjua mmoja aliyefukuzwa naye.

Nilichojifunza: kuwa sahihi hakukupi ruhusa ya kumvua mtu nguo. Bishana na code mpaka jasho likutoke, mwenye code muachie heshima yake. Hujui jibu lako litabandikwa ukuta gani, wala bosi wa nani atalisoma.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna kitu uliacha kuuliza kwa sababu ya jibu la mtu, kiulize hapa chini. Ninachokijua nitakujibu, na atakayecheka atanikuta.