Mstari wa Tambwe

Emerance aliuza mchele wa Kibombo katika soko dogo la Alunguli, mjini Kindu, na hakuwa mtu wa mikutano. Kwa hiyo wanawake wenzake walishangaa waliposikia kwamba amejiandikisha kugombea uongozi wa komite ya wazazi katika shule ya msingi ya mtaa. Alikuwa na haki ya kugombea. Alikuwa akimlea mjukuu wake Paul, aliyesoma pale, kwa sababu baba yake Paul alikuwa Kalima akichimba kasiteriti, madini ya bati.

Sababu yake ilikuwa nyuma ya vyoo vya shule, kwenye uwanja wa majani. Tangu masomo yawe bure, watoto walikuwa wamefurika. Darasa moja lilijaa hata wadogo wakakaa chini, mgongo wa huyu ukiwa meza ya yule. Mkubwa wa shule alitaka kujenga vyumba vipya, komite ikikubali, na fasi iliyobaki ilikuwa hiyo tu. Hapo ndipo Emerance alipomzika mwanawe Israël.

Ilikuwa wakati wa vita, mwaka ule wapiganaji wa porini walipouzunguka mji. Askari waliokuwa ndani hawakumruhusu mtu kutoka kwenda shambani, na waliotoka kwa kujificha wengi hawakurudi. Watu walikula majani ya mihogo bila mihogo yenyewe. Surua ilipoingia iliwakuta watoto hawana nguvu hata ya kulia. Israël alikufa asubuhi. Njia ya makaburini ilikuwa na risasi, shule ilikuwa imefungwa, na udongo wa uwanja ule ulikuwa laini. Mumewe alichimba, naye Emerance akamfunga mtoto katika kikwembe, kitambaa alichoolewa nacho. Mume naye hakuuona mwisho wa vita.

Aliyegombea naye alikuwa Tambwe, fundi wa kujenga aliyehamia Kindu vita vilipokwisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumbani kwa Emerance kabla ya kura, akavua kofia mlangoni.

"Mama, sikuje kubishana. Tutamhamisha mtoto wako, tumzike vizuri, na padri atakuja."

"Na kama nasema hapana?"

"Batoto bako chini mu vumbi, mama. Fasi ingine iko wapi?"

Emerance alimkaribisha maji, Tambwe akanywa, akaaga.

Binti ya Emerance, Francine, alikuwepo, amekaa na nguo ya shule ya mtoto wake Espérance mapajani, akisugua madoa ya sakafu yasiyotoka. Wakati wa vita Francine alikuwa bado ananyonya.

"Wewe utasimama na miye," Emerance alimwambia. Hakuuliza.

Francine aliendelea kusugua. "Mama, hata sura yake siikumbuki."

"Alikuwa kaka yako."

"Najua, mama. Najua ni kaka yangu."

Siku ya uchaguzi hapakuwa na karatasi. Wagombea walisimama uwanjani, na kila mzazi akaenda kupanga mstari nyuma ya yule anayemtaka. Nyuma ya Emerance walikuja wanawake wachache wa makamo, Hadidja wa kuuza samaki akiwa wa kwanza, kwa sababu walikumbuka njaa ile. Vijana wote walikwenda kwa Tambwe. Emerance hakuwalaumu. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu kwa macho.

Francine alisimama katikati ya uwanja, kanga imemteleza begani, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akaenda mstari wa Tambwe. Alikwenda mwisho kabisa, akainamisha kichwa.

Hadidja alimshika Emerance mkono, lakini yeye aliuondoa polepole. Matokeo yalipotangazwa alimpa Tambwe mkono wa pongezi, akarudi sokoni, akapima mchele mpaka jua likazama.

Tambwe alitimiza ahadi. Kabla ya kuweka msingi alimwita Emerance aonyeshe mahali, na padri akaja. Walichimba kwa uangalifu, mwishowe kwa mikono. Hawakumkuta mtoto mmoja tu. Walikuwa watatu, karibu karibu. Mama wengine nao walikuwa wameujua udongo ule laini, na huenda hao mama wenyewe walikuwa wamekwisha kufa. Vitambaa vilikuwa vimeoza vyote.

Emerance alipiga magoti. Israël alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Aliyatazama mafuvu, na mawili yalikuwa na pengo palepale.

"Mama," Tambwe aliuliza kwa sauti ndogo, "yupi njo wako?"

Aligusa la kwanza. Aligusa la pili. Alirudi kwa la kwanza. Miaka yote alijua kwamba angemtambua mwanawe popote.

"Sijui," alimwambia. "Baba, sijui."

Waliwaweka wote katika sanduku moja, wakawazika makaburini.

Vyumba vilijengwa, na Paul na Espérance sasa wanakaa kwenye mabenchi. Emerance hupita njia ya nyuma ya soko ili asiione shule. Yeye na Francine walisalimiana tu, kwa muda mrefu, kama majirani.

Juzi Francine alikuja na sufuria ya sombe ya majani ya mihogo, akaitua mezani, wala hakuondoka.

"Mama, niambie habari zake. Alikuwa mutoto wa namna gani?"

Emerance alikaa. Alimwambia jinsi Israël alivyolipenda garimoshi, akaiga honi yake mpaka majirani wakakasirika. Alimwambia aliogopa bata. Kwamba alimbeba Francine mgongoni na kukataa kumtua. Kwamba hakupenda kuoga. Akatafuta kingine.

"Ni hayo tu," alisema.

Sombe ilikuwa bado ya moto.